Hatua za Mkono

"Elfu kumi na moja na mia mbili," alisema Fundi. Aliuinua mkono wake wa kushoto juu ili saa ionekane na kila mtu uani. "Nani amenipita leo?"

"Hata huo ukuta umekupita," alijibu Mama Sabuni. "Shemeji, tangu asubuhi umekaa kwenye hiyo cherehani. Umeinuka mara mbili tu, na zote umekwenda chooni. Hizo hatua elfu kumi na moja umetembea wapi, ndotoni?"

Wanawake waliokuwa wakichambua mboga walicheka. Fundi hakucheka.

"Saa haina chuki," alisema. "Binadamu ndiye mwenye chuki. Saa inahesabu inachokiona."

"Basi haioni vizuri. Yangu mimi jana ilipanda hatua elfu mbili nikiwa nafua mashuka. Nimekaa kwenye kigoda, sijasogea hata kidogo. Nikaivua, nikaitia kabatini. Inahesabu mkono, shemeji. Ukisugua, inahesabu. Ukisukuma kitambaa, inahesabu. Hiyo si miguu."

"Yako ni mbovu."

"Zote ni ndugu. Zimetoka kwenye mfuko mmoja."

Hapo alisema kweli. Nyumba yao ilikuwa na vyumba sita, ua mmoja, bomba moja na habari za kila mtu. Ukikohoa chumba cha kwanza, chumba cha sita wanakuuliza umelala vipi. Fundi alikaa chumba cha pili na mke wake. Alishona sare za shule kwenye baraza, kwa cherehani ya kukanyaga. Mama Sabuni alikaa chumba cha mkabala. Alikuwa mjane, na alifua nguo za watu. Mumewe marehemu na Fundi walikuwa marafiki, ndiyo maana yeye na Fundi wakaitana shemeji.

Mwaka uliopita, daktari alimwambia Fundi kwamba ana ugonjwa wa sukari. Alimpa vidonge. Alimwambia atembee kila siku, na aende kliniki kila mwezi kupimwa damu. Fundi alikwenda miezi mitatu. Kisha Jumamosi moja akapita mchuuzi wa saa.

Mchuuzi yule alikuwa na ulimi wa asali. "Hii saa inahesabu hatua," alisema. "Inapima mapigo ya moyo. Inapima presha. Inapima na sukari. Unaivaa tu, hakuna kutobolewa kidole."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomnasa Fundi. Watu wa nyumba ile walimcheka siku zote kwa jambo moja: ameshika sindano miaka thelathini, lakini sindano ya hospitali akiiona jasho linamtoka. Siku ile mchuuzi aliuza uani saa za mkono nne. Fundi alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Tangu hapo ikawa mashindano. Kila jioni watu walitajiana hatua zao, na kila jioni Fundi alishinda. Sasa Mama Sabuni alikuwa anamharibia ushindi wake mbele za watu.

"Nenda kliniki, shemeji," alisema Mama Sabuni. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Miezi minne hujakwenda. Sukari naijua mimi. Inakuja kwa kunyata."

Fundi alihisi macho ya watu wote yamemwelekea. Akatafuta neno la kumnyamazisha, akalipata. Ndilo neno baya kuliko yote aliyowahi kuyatamka.

"Ungekuwa unaijua sukari," alisema, "mumeo angekuwa hai."

 Mtu mmoja alidondosha kisu kwenye sinia, kikalia. Mama Sabuni alisimama. Alianua mashuka yake, moja baada ya jingine, akayakunja vizuri. Kisha akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

"Baba Watoto," mke wake alisema kwa sauti ya chini, "nenda kamwombe radhi."

"Aniombe yeye. Ameniita mwongo."

Hakwenda. Siku zikawa wiki. Mama Sabuni alipopita barazani, alitazama mbele. Fundi naye aliinamia kitambaa chake kana kwamba kuna herufi zimeandikwa humo.

Saa iliendelea kumpendeza. Asubuhi ilimwambia sukari ni tano nukta sita. Jioni ilimwambia tano nukta saba. "Mnaona?" alimwambia mke wake. "Mzima kama chuma." Vidonge akavipunguza mwenyewe, kwanza nusu, kisha siku moja moja, kisha akaviacha.

Lakini mwili ulikuwa na maneno yake. Alikuwa na kiu isiyokwisha. Alikunywa maji jagi zima na ulimi ukabaki mkavu. Aliamka kukojoa mara tano. Uzito ulipungua, suruali zikampwaya, akazipunguza kiuno mwenyewe kwa cherehani yake. Nyayo zake zilikuwa kama si zake. Alipokanyaga sakafu ya baridi hakuhisi baridi.

"Uzee," alisema.

"Una miaka hamsini na tatu," alisema mke wake.

"Basi uchovu. Mtu anayetembea hatua elfu kumi na moja kwa siku atakosaje kuchoka?"

Fundi alikuwa na tabia ya kukanyaga pedali bila kiatu. Mafundi wengi wa zamani hufanya hivyo. Wanasema mguu mtupu ndio unaoisikia mashine. Lakini chini ya cherehani ya fundi huwa kuna pini. Zinaanguka kutoka kwenye pindo, zinalala kwenye vumbi la nyuzi.

Siku moja mke wake aliinama kufagia. Akaona doa jeusi kwenye pedali. Akalishika, likamnata kidoleni.

"Hii ni damu," alisema. "Inua mguu."

Fundi aliinua mguu wa kulia. Pini ilikuwa imezama yote, chini ya kidole kidogo. Kilichoonekana ni kichwa chake tu, na nyama kukizunguka imevimba.

"Imeingia lini?"

Fundi aliutazama mguu wake kama mguu wa mtu mwingine. "Sijui," alisema. "Sikuhisi kitu."

Waliichomoa. Wakaosha kwa maji ya chumvi, wakafunga kwa kitambaa kilichobaki kwenye sare. Mke wake alisema waende hospitali. Fundi alisema pini ni pini tu, hajapigwa risasi. Wiki moja ikapita. Kidole kikawa chekundu, kisha cha zambarau, kisha cheusi upande mmoja. Fundi hakusikia maumivu makali, na kwa sababu hiyo hakuogopa. Hilo ndilo lililokaribia kumwua.

Siku ya kumi na mbili, Mama Sabuni alivuka ua. Hakubisha hodi. Alisimama mlangoni, akavuta hewa puani.

"Hiyo harufu naijua," alisema. Hakumtazama Fundi. Alimwambia mke wake. "Nililala nayo chumba kimoja miezi miwili. Tafuta gari sasa hivi. Ukingoja kesho, hutampeleka hospitali, utampeleka kwingine."

Aliita gari yeye mwenyewe. Alimshika Fundi kwapani upande mmoja, mke wake upande wa pili, wakampakia. Njia nzima hakumsemesha neno.

Hospitali walimtoboa kidole. Safari hii hakuwa na nguvu za kuogopa. Kipimo kilisoma ishirini na tatu. Daktari alikitazama, akapima tena kwa kidole kingine. Ikawa ishirini na tatu na nusu.

"Saa yangu asubuhi imesema tano nukta sita," Fundi alisema.

 Daktari alikuwa anautazama mguu.

Walimkata vidole viwili vya mguu wa kulia, kidogo na kile kinachokifuata. Daktari alimwambia wazi: sumu ikipanda, watakata juu zaidi. Siku nne zijazo ndizo zitakazoamua kama mguu utabaki.

Kitanda cha jirani alilala dereva wa lori. Mguu wake ulikuwa umekatwa chini ya goti. Alikuwa mtu wa mzaha. "Wewe bado una vidole vitatu," alimwambia Fundi. "Mimi kiatu kimoja nimekipa likizo ya maisha." Siku ya tatu mzaha wake ulipungua. Siku ya tano Fundi alipoamka, kitanda cha Dereva kilikuwa kimetandikwa shuka safi, na hapakuwa na mtu.  Fundi aligeukia ukutani.

Aliyemfunga kidonda kila siku alikuwa muuguzi mmoja mnene, mwenye miwani iliyofungwa kamba. Wagonjwa walimwita Sista. Asubuhi ile alimkuta Fundi anaitazama saa yake.

"Inasemaje?" aliuliza.

"Inasema nimetembea hatua mia sita."

"Leo?"

"Leo."

"Mzee wangu, tangu ukatwe hujashuka kitandani."

Fundi aliigongagonga saa kwa kidole.

"Wewe kazi yako nini?"

"Kushona."

"Nionyeshe unavyoshona. Sogeza mkono kama unasukuma kitambaa."

Fundi alikaa kitandani, mguu umefungwa bendeji nyeupe, akasogeza mkono mbele na nyuma juu ya shuka. Sista alihesabu kimya. Kisha wakaitazama saa. Hatua mia sita zilikuwa zimekuwa mia sita na arobaini.

"Umeona?" alisema Sista. "Haioni miguu hii. Inahisi mkono ukitikisika, inadhani mwenye mkono anatembea. Kwa mtu wa ofisini inaweza kukaribia kweli. Kwa fundi, kwa dobi, kwa mtu anayekanda unga, inadanganya mchana kutwa. Sasa nipe hiyo saa."

Aliichukua, akaivisha kwenye bunda la bendeji lililokuwa mezani. Akabonyeza mahali pa sukari. Saa ilifikiri kidogo. Kisha ikaandika tano nukta sita.

Fundi aliisoma. Akaisoma tena.

"Bendeji haina damu," alisema Sista. "Lakini na yenyewe ni nzima kama chuma. Mzee, sikiliza. Saa inayokaa juu ya ngozi bila kutoboa chochote haiwezi kupima sukari. Sukari imo kwenye damu. Lazima kitone kitoke, au kifaa maalumu cha hospitali kiingize kisindano chini ya ngozi. Mtu akikuambia vinginevyo, mkimbie."

"Kuna mtu aliniambia," Fundi alisema. "Kuhusu hatua. Aliniambia mapema."

"Ukamjibuje?"

Fundi alifumba macho. "Nilimjibu vibaya."

Mguu ulibaki. Lakini haukubaki bure. Sista alimpa masharti. Kidonda kikiwa wazi, asiukanyagie mguu huo. Atumie magongo. Vidonge asipunguze hata kimoja bila daktari. Asitembee tena pekupeku, hata chumbani, hata kwenye pedali. Kabla ya kuvaa kiatu, akikung'ute. Kila jioni atazame nyayo zake zote mbili. "Na kama huoni chini ya mguu," alisema, "weka kioo sakafuni, au mwite mkeo. Mguu uliokufa ganzi hauwezi kulia. Lazima macho yalie kwa niaba yake."

Kidonda kilichukua wiki kumi na moja kufunga. Muhula wa shule ulianza na kupita. Wateja wengi walipeleka vitambaa kwa mafundi wengine, na baadhi yao hawakurudi. Mke wake alikata na kutia vifungo, yeye akiwa amekaa na mguu juu ya stuli. Alijifunza kukanyaga pedali kwa mguu wa kushoto, kiatu kikiwa mguuni. Mishono yake ya kwanza ilikwenda upogo kama mlevi.

Kidonda kilipofunga, Sista alimwambia: sasa tembea.

"Hatua elfu kumi?" aliuliza Fundi.

"Nani kakwambia elfu kumi? Kwanza jua unatembea ngapi kwa kweli. Kama ni mia nane, ndizo zako. Wiki inayofuata ongeza kidogo. Na ukitaka, usinunue kitu. Tazama saa ya ukutani, tembea dakika kumi, siku nyingine kumi na tano. Mwendo wa kuweza kuongea, lakini si wa kuweza kuimba."

"Nataka kuona namba," alisema Fundi. "Namba inanisukuma."

"Basi chagua kwa akili. Usiulize kifaa kinajua mambo mangapi. Uliza kama kinajua moja, na kama kinalijua vizuri. Kijaribu kabla ya kutoa pesa. Tembea hatua mia moja ukihesabu kwa mdomo. Kisha soma. Kikikosea tatu au tano, si neno. Kisha kaa, fanya kazi yako ya mikono. Kisipande."

Fundi na mke wake walikwenda dukani. Mwenye duka alitoa vifaa vitatu, akaanza kuvisifia. "Hiki kina rangi kumi na mbili," alisema.

"Mimi natafuta miguu, si rangi," alijibu mke wa Fundi. "Tunajaribu kwanza."

"Watu huwa hawajaribu, mama."

"Ndiyo maana watu hukatwa vidole."

Mwenye duka alikitazama kiatu cha Fundi, akavisogeza vifaa karibu.

Cha kwanza kilikuwa saa ya mkononi, ghali na ya kung'aa. Fundi alitembea mbele ya duka akichechemea, mke wake akihesabu kwa sauti. Hatua mia. Saa ilisema tisini na nne. Si mbaya. Kisha Fundi alikaa kwenye benchi, akasogeza mikono kama anashona. Saa ikapanda hatua thelathini. Wakairudisha.

Cha pili kilikuwa simu. Mwenye duka alisema simu nyingi zinahesabu hatua zikiwa mfukoni. "Simu yangu inakaa mezani siku nzima," alisema Fundi. "Itahesabu hatua za meza."

Cha tatu kilikuwa kidude kidogo cha kubana kiunoni. Kilikuwa na kibonyezo kimoja na namba kubwa ambazo Fundi alizisoma bila miwani. Alikibana kulia, akatembea hatua mia. Kikasema sitini na moja.

"Kibovu," alisema mke wake.

Mwenye duka alikuna kichwa. "Hapana, mama. Mzee anachechemea. Upande huo anakanyaga kwa woga, mtikisiko ni mdogo, kidude hakiusikii. Hebu abane upande wa mguu mzima."

Fundi alikihamishia kushoto. Akatembea tena. Tisini na saba. Akakaa, akasogeza mikono, mbele na nyuma, mpaka mwenye duka akaanza kucheka. Tisini na saba. Hakikusogea.

Siku ya kwanza Fundi alivaa kidude hicho tangu asubuhi mpaka jioni. Akafanya kazi zake zote. Akakisoma. Hatua mia saba na kumi.

Alikaa na namba hiyo muda mrefu. "Miezi yote ile," alimwambia mke wake. "Miezi yote ile nilikuwa natembea hatua mia saba, na najisifu."

Akaanza hapo hapo. Wiki ya kwanza alizunguka ua baada ya kila sare aliyomaliza. Wiki ya pili akafika kwenye kona ya barabara. Mwezi wa pili akafika sokoni na kurudi. Siku nyingine nyonga ilimuuma, siku nyingine alitaka kuacha. Kila mwezi alikwenda kliniki, akanyoosha kidole, akageuza uso pembeni. Kipimo kilishuka. Kumi na nne. Kumi na moja. Nane. Mwezi wa tano kilisoma saba, na Sista akasema, "Mguu huu utazikwa na wewe, lakini si leo."

Siku hiyo Fundi alirudi nyumbani kwa miguu. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Hakwenda mlangoni kwake. Alivuka ua mpaka mlango wa mkabala, ambao hakuwa ameukaribia tangu siku ile ya maneno. Mlango ulikuwa wazi. Mama Sabuni alikuwa anapakua.

"Hodi," alisema Fundi.

Mama Sabuni hakugeuka. "Useme."

"Lile neno nililosema kuhusu marehemu. Lilikuwa uongo. Wewe ulimpeleka kliniki hata siku alizokataa. Mimi niliona kwa macho yangu. Nilijua ni uongo wakati nalisema. Nilitaka tu unyamaze."

Mwiko ulisimama juu ya sufuria.

"Nilinyamaza," alisema Mama Sabuni. "Lakini kichwani halikunyamaza. Kila nikilala najiuliza. Labda ningemsukuma zaidi. Labda ni kweli."

"Si kweli. Alikuwa mbishi kama mimi. Tofauti ni kwamba mimi ulinibeba ukanitia kwenye gari."

Mama Sabuni alijifuta uso kwa kiwiko, kwa sababu mikono ilikuwa imechafuka kwa chakula.  Kisha akageuka. Alimtazama Fundi usoni, akashuka mpaka kiunoni, akakiona kidude.

"Kinasemaje hicho?"

"Elfu nne na mia moja. Nimetoka kliniki kwa miguu."

"Hizo naziamini. Nimekuona ukiingia uani unatoka jasho."

Fundi aliinama, akaanza kulegeza kamba za viatu vyake, maana mlangoni pale kulikuwa na kandambili zilizopangwa, na hakuna aliyekuwa akiingia kwa Mama Sabuni na viatu.

"Acha," alisema Mama Sabuni. "Usivue. Sakafu nitapiga deki. Mwite na mkeo, mje mle, chakula kinapoa."